Umelipwa Shilingi Ngapi?

Msomaji mmoja ameniandikia: "Kaka, ulifanyaje ukamaliza Kilimanjaro Marathon chini ya saa nne? Na mimi naitaka hiyo medali." Nimefurahi, sitaficha. Kwa mtu aliyekuwa akihema kwa kupanda ngazi za ofisini tu, si haba.

Ila hiyo medali, ndugu yangu. Nilipoipeleka kazini, mwenzangu mmoja aliigeuza-geuza kama anakagua noti bandia, akauliza, "Umelipwa shilingi ngapi?" Ofisi nzima ikacheka. Iliniuma, na hadi leo nikimwona kwenye korido najikaza tu kumsalimia. Lakini jibu sikuwa nalo. Kila anayemaliza huvishwa medali.

Kinachonitoa kitandani alfajiri ni kundi letu la mchakamchaka. Kuna mzee mstaafu anaanzisha wimbo, sisi tunaitikia, mbwa wa mtaa wanakimbia. Siku yenyewe ya marathon kule Moshi, nusu ya kwanza ni ya kujidai, kisha barabara ya Mweka inaanza kukupandisha mlimani. Hapo humkumbuki bosi wala medali. Unahesabu nguzo za umeme. Watoto kando ya migomba wanakunyooshea mikono uwagonge, na unagonga, ingawa pumzi huna. Nikiikumbuka Moshi, naikumbuka pale. Uwanja wa Ushirika, ambako ndiko mwisho, siukumbuki vizuri.

Mtazameni Alphonce Simbu, mkimbiaji wetu wa marathon. Alipata shaba ya dunia London mwaka 2017. Dhahabu ikaja Tokyo Septemba 2025, akimpita Amanal Petros wa Ujerumani kwa sekunde 0.03. Katikati hapo ni miaka minane ya kuamka na kukimbia. Kama Petros angewahi kutanguliza kifua, mngesema miaka hiyo ilikuwa bure?

Na nyie mnaosubiri digrii, cheo, nyumba Kigamboni, ndipo muanze kufurahi, nawaambia acheni. Ipende kazi yenyewe. Ipende leo, ikiwa bado haina picha ya kuweka statasi. Tafuta watu wa kufanya nao. Na wiki hii kimbia siku moja bila saa mkononi, bila simu, bila kumwambia mtu. Ukirudi nyumbani ukajikuta huna hamu kabisa ya kutoka tena kesho, basi medali achana nayo, ukajaribu kuogelea.