Limiti Ilishuka Hadi Mia Tano, Nikazungusha Pesa Miezi Miwili Bure

Mwaka jana kulikuwa na programu moja ya mikopo iliyokuwa ikinikopesha hadi shilingi 15,000. Nilikuwa nakopa, nalipa, nakopa tena. Asubuhi moja nikiwa kibandani kwangu hapa Kondele, Kisumu, nataka kuongeza vioo vya simu na betri, nikaifungua nikakuta 500. Sababu haikuandikwa. Ujumbe ulisema tu kwamba kiwango changu "kimesasishwa". Kusasishwa! Siku hiyo ndipo nilipojua kuna maneno yaliyovalishwa suti.

Mimi hutengeneza simu za watu, tena nilisomea kompyuta Maseno, kwa hiyo ungetarajia nikae chini nifikiri. Wapi! Niliwasikiliza majirani. Mwenye duka la viatu alisema niandike majina mawili mawili kwa kila namba niliyoihifadhi, eti mashine hupenda mtu mwenye mpangilio. Kijana wa boda akaapa kwamba simu isiishe chaji kamwe. Na mama anayeuza omena kutoka Dunga akanivuta kando: "Kijana wangu, zungusha pesa. Hiyo kitu inataka kuona pesa ikitembea."

Nikazungusha. Jioni natuma elfu mbili kutoka laini moja kwenda nyingine, kesho yake nazirudisha, na kila safari nalipia ada. Baada ya miezi miwili nilikuwa nimekatwa ada ya karibu elfu mbili, mara nne ya limiti yenyewe, na 500 yangu haijasogea.

Siwacheki majirani. Watu wanaopimwa kwa kipimo wasichokiona lazima wabahatishe, na jambo hili limechunguzwa hapa hapa Kenya. Watafiti Daniel Björkegren, Joshua Blumenstock na Samsun Knight waliwawekea watu programu ya kurekodi matumizi ya simu, wakawalipa kulingana na jinsi walivyoitumia simu yao. Waliofahamu kanuni ya malipo walibadilisha tabia ili wapate zaidi. Ndiyo hoja wanayoishika wakopeshaji: tukiwafunulia mnavyopimwa, mtatuchezea. Lakini watafiti hao walikwenda mbele zaidi. Walitunga kanuni inayozingatia tangu mwanzo ni tabia zipi zilizo rahisi kughushi, ili isiyumbe hata ikiwekwa wazi. Naye Cynthia Rudin, mwanasayansi wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, aliandika mwaka 2019 kwamba kwenye maamuzi mazito tuache kuunda mashine zisizosomeka halafu tuhangaike kuzifafanua. Tutumie zile ambazo binadamu anaweza kuzisoma mwenyewe.

Kuna wanaompinga, wanaosema mashine tata hubashiri vizuri zaidi. Mimi niko upande wa Rudin, na si kwa sababu ya nadharia.

Nilipochoka kuzungusha pesa ndipo nilipokumbuka Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Kifungu cha 35 kinakulinda dhidi ya uamuzi mzito unaofanywa na mashine peke yake. Kina mianya, na uamuzi unaohitajika kwa ajili ya mkataba ni mmojawapo, kwa hiyo usiende ukipiga kifua kwamba wamevunja sheria. Lakini hata mwanya huo ukitumika, unaweza kuomba uamuzi uangaliwe upya. Nikaandika baruapepe ya mistari sita: nipeni data zangu zote mlizo nazo, niambieni kama limiti ilishushwa na mashine peke yake, naomba mtu auangalie upya uamuzi huo. Nikaambatisha taarifa ya M-Pesa ya miezi sita. Kanuni za mwaka 2021 za sheria hiyo zinampa mwenye kushika data siku saba kukuonyesha, nami nikazitaja hizo siku saba kwa adabu.

Jibu lilikuja. Kumbe sikuwa nimepimwa na akili yoyote ya ajabu. Kwenye rekodi yangu kulikuwa na mkopo mmoja "uliochelewa siku 19". Nikaukumbuka papo hapo: nililipa kwa paybill nikakosea tarakimu moja ya namba ya akaunti, pesa ikaelea kwao, nikapiga simu, ikahamishwa baadaye. Pesa ilirekebishwa, tarehe haikurekebishwa. Mashine ikasoma kilichoandikwa ikanihukumu, na hata ningezungusha milioni isingenisaidia.

Kwa hiyo likikukuta, anzia kwenye rekodi, uache kubahatisha tabia. Tafuta ujumbe wa kila malipo, na ukilipa kwa namba iliyokosewa dai wakurekebishie tarehe pia, kwa maandishi. Omba ripoti yako ya CRB, yaani shirika linalotunza rekodi za mikopo ya watu. Una haki ya kupata moja bure kila mwaka. Andika baruapepe hata kama umeshapiga simu, maana simu haiachi alama. Wakikaa kimya, peleka malalamiko kwa Kamishna wa Data, ambaye sheria inampa siku 90 kuyamaliza. Na hayo ya majina mawili mawili achana nayo: tangu Mei 2023 Google imezizuia programu za mikopo zilizo dukani kwake kugusa orodha ya majina na picha zako. Programu ikikuomba ruhusa hiyo leo, hapo ndipo pa kuogopa.

Limiti yangu ilirudi hadi 9,000. Kwa nini 9,000 na si 15,000, hawakusema, nami nimewaandikia tena.

Mama wa omena aliposikia alikuja na simu yake na kiti chake. Tuliwaandikia wakopeshaji wake barua Jumatatu. Leo ni siku ya nne, na kila akipita na karai lake ananiuliza kama wazungu wa mashine wamejibu.