Ukoko wa sinki la choo: Jik, asidi, na kwa nini visikutane

SWALI: Habari mtaalamu. Naishi Kigamboni, maji yetu ni ya kisima na yana chumvi. Sinki la choo limeota ukoko wa kahawia, hasa kwenye mstari ambao maji hutiririka. Nimewahi kumwaga Jik chupa nzima na kuiacha usiku kucha. Sinki linang'aa kidogo, wiki haiishi rangi imerudi. Juzi binti anayenisaidia kazi alimwaga Jik, kisha akaongezea dawa ya choo yenye asidi ili ipate nguvu. Akaanza kukohoa huku machozi yakimtoka, nikamtoa nje na kumpa maziwa. Sasa hajambo. Tulikosea wapi, na huu ukoko unatokaje? Mume wangu naye anasema dawa hizi zinaua karo. Ni kweli?

JIBU: Mpe pole huyo binti, dada. Wengi wanaamini kwamba dawa mbili kali zikikutana zinakuwa kali maradufu, na kwa bahati mbaya ni kweli, ila ukali wenyewe unaishia kwenye mapafu ya anayesugua.

Jik ni sodiamu haipokloraiti ndani ya maji, kwa kawaida asilimia 3.5 hivi. Klorini hutulia humo maadamu kimiminika kina alkali. Dawa nyingi za choo za chupa yenye shingo iliyopinda ni asidi ya hidrokloriki, mara nyingi karibu asilimia 10. Ukivikutanisha, alkali inazidiwa na klorini inatoka kama gesi. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa mara mbili na nusu, kwa hiyo haikimbilii kile kidirisha cha juu cha choo chako. Inatanda ndani ya sinki na sakafuni, na mtu anayesugua kwa kawaida kichwa chake kimeinama hapo hapo. Siki na ndimu nazo ni asidi. Ukizitia kwenye Jik zinafanya kazi ile ile.

Ulichofanya vizuri ni kumtoa nje. Maziwa hayakuongeza wala kupunguza kitu: gesi ilikuwa kifuani, maziwa yakaenda tumboni. Likitokea tena, tokeni, acheni mlango wazi, na asirudi mtu kumalizia kusugua mpaka harufu iishe kabisa. Akibanwa kifua, akihema kwa shida, au kama ana pumu, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo hata akisema anajisikia vizuri, kwa sababu mapafu yaliyounguzwa na klorini yanaweza kuanza kusumbua saa kadhaa baadaye.

Kuna mchanganyiko mwingine ambao watu hawauoni. Ukitumbukiza kwenye tangi la flashi vidonge vyenye klorini, kila unapoflashi maji yanayobaki kwenye sinki yana klorini tayari. Ukija na asidi, umeshachanganya bila kushika chupa ya Jik. Chagua kimoja. Mimi vidonge hivyo sivipendi kwa sababu nyingine pia: vikikaa muda mrefu vinakula mipira ya ndani ya tangi. Na usimwage Jik kwenye poti la mtoto au kwenye sakafu yenye mkojo uliolala. Mkojo wa zamani una amonia, na amonia na Jik hutoa gesi nyingine inayokereketa koo na macho. Suuza kwa maji mengi kwanza.

Sasa ukoko. Maji ya kisima cha huko kwenu yana kalsiamu nyingi, na visima vingi vina chuma pia. Maji yakikaa au yakichuruzika, kalsiamu inaganda kuwa chokaa. Chuma kinaipaka rangi ya kutu, chumvi za mkojo zinajishikiza humo humo. Hilo ni jiwe, dada, na Jik haiyeyushi jiwe. Inachofanya ni kufifisha rangi ya uchafu ulioshika juu yake, ndiyo maana unaona weupe asubuhi. Jiwe liko pale pale, na kwa kuwa lina vinyweleo, linavuta uchafu mpya haraka kuliko sinki tupu. Kwa rangi ya kutu Jik ni mbaya zaidi, maana inakifanya chuma kishike.

Kinachoyeyusha chokaa ni asidi, na unayo tayari. Tatizo ni namna ya kuitumia. Wengi wanaimimina kwenye sinki lenye maji, nayo inachujuka kabla haijagusa ukoko. Hakikisha kwanza Jik haijatumika tangu jana, na uflashi mara mbili. Kisha punguza maji ya sinki: sukuma kwa brashi kuelekea kwenye kona ya bomba, kwa mikupuo ya haraka, mpaka ukoko wa chini uonekane. Vaa glovu za mpira na viatu vya kufunika vidole, si ndala. Fungua dirisha na mlango. Zungusha dawa chini ya ukingo wa juu iteremke yenyewe. Pale kwenye ule mstari wa maji, bandika karatasi za chooni kisha uziloweshe dawa, zishikilie asidi pasipo kuteleza.

Sikiliza. Utasikia mchemko mdogo, kama soda iliyofunguliwa sasa hivi. Hiyo ni kaboni dayoksaidi inayotoka kwenye chokaa, nayo haina madhara kwa kiasi hicho ukiwa na dirisha wazi. Mchemko ukitulia, kwa kawaida ndani ya dakika 20 au 30, basi ama chokaa imekwisha au asidi imechoka. Kuiacha usiku kucha hakuongezi kitu. Sugua, flashi, tazama. Ukoko wa miaka hautoki kwa siku moja, kwa hiyo rudia kesho na keshokutwa. Vibaki vigumu visugue kwa lile jiwe la kusugulia miguu likiwa limelowa maji, sinki nalo likiwa na maji. Waya wa kusugulia masufuria uache jikoni: unakwaruza ule mng'ao wa sinki, na kila mkwaruzo ni makazi mapya ya ukoko.

Asidi hiyo isiguse sakafu ya terazo, marumaru wala bomba za kung'aa. Itakula saruji ya katikati ya vigae pia. Ikidondoka, maji mara moja. Ikiingia jichoni, maji yanayotiririka dakika 15 hadi 20 bila kukatisha, ndipo muende hospitali.

Halafu kuna ile "asidi ya choo" inayopitishwa mitaani kwenye chupa za maji ya kunywa. Tanzania ina Sheria ya Usimamizi na Udhibiti wa Kemikali za Viwandani na Majumbani tangu 2003, na hizo chupa bado zinauzwa. Hujui ni asidi gani, ina nguvu kiasi gani, na mtoto mwenye kiu hajui kama si maji. Usiinunue hata ikiwa nusu bei. Na dawa yako halali usiihamishie kwenye chupa nyingine. Mtoto akimeza, msimtapishe, kwa sababu itaunguza koo mara ya pili ikipanda. Mfuteni na kumsuuza mdomo, mkimbilie hospitali, na chupa mwende nayo daktari aisome.

Kuhusu siki na baking soda zinazosifiwa sana mitandaoni: zikichanganywa zinatoa povu la kufurahisha macho na kubaki karibu maji matupu, maana moja imeua nyingine. Siki peke yake, ikilala usiku kwenye ukoko mwembamba, inafaa.

Kwa hiyo Jik ina kazi gani chooni? Kuua vijidudu, basi, na hiyo inaifanya vizuri kuliko karibu kila kitu utakachopata dukani kwa bei hiyo. Lakini uchafu unaimaliza nguvu, kwa hiyo osha kwanza kwa sabuni, suuza, ndipo upake. Kwa kiti cha choo, kishikio cha flashi na sakafu, mililita 30 kwenye lita moja ya maji zinatosha. Ziache zikae dakika 10 zikiwa zimelowa. Nyumbani kukiwa na mtu anayeharisha, au kipindupindu kikiwa mtaani, panda hadi kikombe kimoja cha Jik kwa vikombe sita vya maji. Maji yawe ya baridi, kwani ya moto yanaiharibu. Uliyoichanganya leo itumie leo. Na chupa isikae dirishani juani, utakuwa unasafishia maji yenye harufu tu. Siku ya asidi isiwe siku ya Jik. Mwambie binti apange, kwa mfano, Jumatano na Jumamosi. Ni rahisi kukumbuka kuliko kanuni za kemia.

Shemeji yupo sahihi kwa nusu. Karo hufanya kazi kwa bakteria wanaokula kinyesi. Vipimo nilivyotaja vinachanganyika na maji mengi vikifika huko, na bakteria hawatishiki. Lakini chupa nzima ya Jik kwa mkupuo, tena mara kwa mara, inawapunguza, na karo linajaa tope mapema. Kama kuna choo cha shimo uani, humo usimwage Jik, Dettol wala mafuta ya taa ili "kuua harufu". Majivu yanatosha.

Limebaki moja, nalo nadhani ndilo linalokurudishia ukoko kila wiki. Umesema rangi iko zaidi kwenye mstari ambao maji hutiririka. Sinki zima linatumia maji hayo hayo ya kisima, sasa kwa nini mstari mmoja? Tangi lako huenda linavuja polepole mchana na usiku, na kila tone linaacha chokaa yake. Fungua mfuniko wa tangi, tia matone machache ya rangi ya chakula au juisi nyekundu, kaa nusu saa bila kuflashi. Rangi ikionekana kwenye sinki, mpira wa kuzibia ulio chini ya tangi umechoka. Fundi bomba anaubadilisha bila kugusa sinki, na bili ya pampu ya kisima itashuka pia.