Nilicheka pamoja nao

SWALI: Nina umri wa miaka 26 na ninaishi Kawangware. Tangu utotoni nimependa nyimbo za gitaa za Magharibi ya Kenya za miaka ya 1950 na 1960, hasa za George Mukabi. Wenzangu kazini huziita muziki wa wazee. Majuzi, katika sherehe ya rafiki yangu, wimbo niliouomba ulizimwa kabla ubeti wa kwanza haujakwisha, watu wakacheka, nami nikacheka pamoja nao. Je, niendelee kuzisikiliza kimyakimya, au nijitetee? Na nikijitetea, niseme nini?
Msomaji, Kawangware

JIBU: Barua yako niliisoma mara mbili, na mara zote mbili nilikwama pale uliposema kwamba ulicheka pamoja nao. Nami nilifanya hivyo kwa miaka mingi. Nilipoulizwa na jirani yangu ndani ya matatu ni nini hicho ninachosikiliza, nilijibu kwamba ni nyimbo za marehemu baba, ilhali baba hakuwahi kuzijali. Aliyezipenda ni mimi, na bado ninaona uchungu kwamba nilizikana.

Kwa hiyo jitetee, ila usijitetee kwa kuitukana gengetoni, muziki wa vijana wa Nairobi, au kwa kudai kwamba vijana wa leo hawajui muziki. Mukabi mwenyewe alifariki mwaka wa 1963, mwaka uleule wa Uhuru, na alipokuwa akipiga, mtindo huo wa gitaa, uitwao omutibo, ulikuwa jambo jipya la vijana. Gitaa lilikuwa chombo cha kisasa, na wapigaji wa hapa walikuwa wakisikia santuri za mafundi wa gitaa wa Katanga, huko Kongo, kama Mwenda Jean Bosco, ambaye Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, alimrekodi mwaka wa 1952. Hata chupa ya Fanta, ambayo mistari yake hukwaruzwa kwa kipande cha chuma ili kushika mapigo, ilikuwa bidhaa ya dukani, si urithi wa mababu. Anayeuita muziki wa wazee hajui kwamba wazee hao walikuwa na umri kama wako.

Lakini historia haimfanyi mtu apende wimbo. Sema unachokisikia. Sema kwamba kidole gumba kinatembea kwenye nyuzi nzito bila kuchoka, huku kidole cha shahada kikiimba juu yake, hata mtu asiyejua akaapa kwamba wanaopiga ni wawili. Na kwamba sauti ya mwimbaji, kwa Kiswahili chenye lafudhi ya kwao, inaingia katikati ya vidole hivyo kama mtu anayekaribishwa mezani. Mimi huo muziki hunisimamisha hata nikiwa na haraka ya kwenda kazini, na sioni haya kuandika hivyo.

Sherehe, nakubali, haikuwa mahali pake. Waliokwenda kucheza waachiwe wacheze. Chagua mwenzako mmoja kazini, wakati wa chakula cha mchana, umpe visikilizi vyako, umwambie afuatilie kidole gumba peke yake, kisha chupa peke yake. Usimwombe aupende, wala usimweleze kwamba ni wa zamani. Akivirudisha bila kusema neno, vivae, uendelee na wimbo kutoka pale ulipofika.