Buibui-kaa wa magomeni: anza na miguu, rangi iache

Kwa takribani miaka miwili, kila buibui bapa niliyemkuta amejilaza juu ya gome la mti nilimwita buibui-kaa. Nilikuwa na daftari na vichupa vya spiriti vyenye lebo, na majina nikiyaandika kwa moyo mweupe kabisa. Siku nilipovitoa vichupa vyote nivipange upya, nikasoma lebo zangu: "kijivu, madoa meusi", "kahawia kama gome". Waliokuwa ndani walikuwa wamepauka wote, kwa sababu spiriti hula rangi. Kuhusu miguu na macho sikuwa nimeandika hata neno. Karibu kazi yote niliianza upya, na nisingependa mwingine anayewapenda wadudu hawa wa miguu minane apoteze muda wake kama nilivyopoteza wangu.

Kwanza kabisa, ubapa usiuchukulie kuwa undugu. Nafasi iliyo chini ya gome lililobanduka ni nyembamba, na anayetaka kuishi humo hana budi kuwa mwembamba. Ndiyo maana familia kadhaa zimefikia umbo lilelile, kila moja kwa njia yake: mwili uliolala na miguu iliyogeukia pembeni kama ya kaa. Buibui-kaa wenyewe ni wa familia ya Thomisidae, aliyoianzisha mtaalamu Sundevall mwaka 1833, na spishi zake zinazidi 2,000. Philodromidae, ambao kwa mbali huwezi kuwatofautisha nao, zamani walihesabiwa humohumo, kisha wakatengwa. Uchunguzi mkubwa wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2017 uliwaweka Thomisidae upande mmoja na Lycosidae, wale buibui wanaowinda kwa kukimbia ardhini, huku Philodromidae wakibaki tawi jingine kabisa. Mimi habari hiyo ilinibadilisha. Umbo nililolitegemea kwa miaka miwili halikuwa ushahidi wa ukoo.

Basi tazama miguu. Kwa Thomisidae, jozi mbili za mbele ni ndefu na nene waziwazi kuliko mbili za nyuma, na mara nyingi zina miiba upande wa chini, maana hawa hawategi utando. Humngoja mdudu apite wamkumbatie. Kwa Philodromidae miguu yote inakaribiana urefu, na jozi ya pili ndiyo huzidi. Ukimgusa kwa unyasi hutoweka upande wa pili wa shina kabla hujapepesa jicho. Buibui-kaa wa gome, yeye huzidi kujibana palepale.

Macho yanahitaji lenzi ya kukuza mara 10, na hiyo nunua kabla ya kitu kingine chochote. Thomisidae wana safu mbili za macho manne manne, na yale ya pembeni mara nyingi hukaa juu ya vivimbe vidogo. Ukiona macho sita yamejipanga safu moja mbele na mawili tu nyuma yake, huyo ni wa familia nyingine, Selenopidae. Akiwa na mikia miwili mirefu nyuma, ambayo kwa kweli ni viungo vya kutolea uzi, ni wa familia ya Hersiliidae, na hapo huhitaji hata lenzi.

Ukishaijua familia, punguza mwendo. Kufika kwenye spishi kunataka buibui aliyekomaa na hadubini, kwani kinachoamua ni maumbile ya uzazi: ncha za vipapasio vya dume, na bamba lililo chini ya tumbo la jike. Mtoto wa buibui mwandikie jenasi, yaani kundi la spishi zenye undugu wa karibu, ukiweza, vinginevyo familia, na uridhike. Nimeona watu wakilazimisha jina kamili kwa kuangalia picha moja ya mgongo, na inanisikitisha, kwa sababu jina la uongo hunakiliwa haraka kuliko la kweli.

Hata wataalamu wenyewe wamehangaika na hawa wa magomeni. Yupo mmoja wa Amerika Kaskazini ambaye mtaalamu Keyserling alimpa jina Coriarachne versicolor mwaka 1880. Baadaye akahamishiwa jenasi Bassaniana, iliyoanzishwa na Strand mwaka 1928, lakini uchunguzi upya wa mwaka 1988 ulimweka tena Coriarachne. Utamkuta kwa majina yote mawili. Hilo neno versicolor maana yake ni mwenye rangi zinazobadilika, na laiti ningelielewa mapema, nisingejaza daftari zima kwa rangi.

Hapa mabano yatakusaidia sana. Jina la mtaalamu aliyeielezea spishi kwanza likiwa ndani ya mabano, kama Bassaniana versicolor (Keyserling, 1880), ujue spishi imehamishwa kutoka jenasi iliyowekwa mwanzoni. Yasipokuwepo, bado imo jenasi ileile. Kwa hiyo usiyaondoe mabano wala kuyaongeza unaponakili, na kabla ya kuandika lebo angalia orodha ya dunia ya buibui inayotunzwa Bern, Uswisi, maana husahihishwa kila mara.

Siku hizi lebo zangu zina tarehe, mahali, aina ya mti, kama gome lilikuwa laini au lenye nyufa, na kama buibui alikuwa juu ya gome au chini yake. Picha nazipiga akiwa hai, moja kutoka juu na moja ya uso. Jina naliandika kwa penseli.