Gift: zawadi, sumu au ndoa?

SWALI: Mwalimu, najifunza Kijerumani. Nimeona video inayodai kwamba Gift ni sumu kwa Kijerumani kwa sababu Wajerumani wa kale waliuana kwa zawadi zilizotiwa sumu. Eti Wasweden nao huliita ndoa neno hilohilo kwa kuwa ndoa iliwatesa. Ni kweli?

JIBU: Ni uongo mtupu, na kila muhula naletewa hadithi za aina hii.

Gift ya Kiingereza (zawadi), ya Kijerumani na ya Kiswidi ni ndugu. Yote yametokana na kitenzi cha kale cha "kutoa", kilichozaa pia give ya Kiingereza na geben ya Kijerumani. Hata Kijerumani, Gift ilikuwa kitu kilichotolewa. Ushahidi ungalipo: die Mitgift ni mali anayokwenda nayo bibi harusi kwa mumewe, na imebaki na jinsia yake ya kike ya kisarufi (die), ilhali das Gift, sumu, imeiacha.

Sumu ililetwa na matabibu. Dosis ya Kigiriki maana yake ni kutoa. Kilatini kikaichukua kwa kipimo cha dawa anachopewa mgonjwa, ndiyo dozi unayoandikiwa hospitalini. Wajerumani wakalipa neno lao maana hiyo, likawafaa kama tafsida ya kutotaja sumu waziwazi. Mwishowe tafsida ikaizika maana ya kwanza.

Kwa Kiswidi, jag är gift ni nimeoa au nimeolewa, kwa sababu binti alitolewa na wazazi wake. Sumu pia huitwa gift. Kiingereza cha kale nacho kilikuwa na neno hilo kwa maana ya mahari. Hakuna mateso ya ndoa humo.

Kinachoniudhi ni watu kuyaweka maneno mawili bega kwa bega, wakaona yanafanana, kisha wakatunga kisa. Much ya Kiingereza na mucho ya Kihispania, yote kwa maana ya "nyingi", hayana undugu: la kwanza ni micel ya Kiingereza cha kale, la pili ni multus ya Kilatini. Have ya Kiingereza na habere ya Kilatini ni mtego mwingine wa aina hiyo, maana yote mawili ni "kuwa na kitu". Lakini h ya Kiingereza hulingana na c ya Kilatini, kama katika hundred na centum, yaani mia, kwa hiyo ndugu halisi wa have ni capere, kushika.

Mtengeneza video akikupa kisa, muulize neno liliandikwa wapi mwanzo na sauti zake zinalingana na zipi kwingineko. Akikosa jibu, achana naye, hata kama anatazamwa na maelfu.