Madogo wa kempa (yale magari ya safari yenye kinyumba mgongoni), kabla hujafungua maji soma hapa

Jumamosi jioni nimeingia kambini Mtera, pale bwawani, nimechoka, mgongo unauma, nawaza ugali na perege tu, nikamkuta dogo mmoja (simtaji, anajijua) kasimama ubavuni mwa kempa, simu kaibana kati ya bega na sikio anacheka na mtu, mkono wa kulia ana mpira wa maji tayari unamwagika, mkono wa kushoto anapapasa vifuniko, cha maji na cha dizeli, bila kuangalia. Nilipiga kelele mpaka mgeni akachungulia kutoka bafuni na povu kichwani, na kwa maji yetu yale ya chumvi kupata povu tu ni bahati, sasa na mimi nikamharibia.

Dogo akashtuka, ananiuliza "kwani vipi bro?"

Kwani vipi. Nikaenda kukaa kwenye jiwe nikapumua kwanza. Yule dogo ni mimi kabisa wa mwaka 2016, mpaka ile namna ya kubana simu. Basi nimeona niandike, na naandika kwa namba maana mnalalamika nikiongea naruka ruka.

1. Fikeni mapema. Saa kumi jioni injini iwe imezimwa. Mnaijua ile kambi, uzuri wake ni kile kilima na bwawa lote mbele yako, ile miti mikavu iliyozamishwa maji yalipojazwa bado imesimama humo ndani kama nguzo za simu, jua likishuka wavuvi wanatoka na mitumbwi, mgeni anasahau hata jina lake. Ukimfikisha saa mbili usiku unamwonesha giza na choo. Na mgeni akianza kuonana na choo kabla ya bwawa, safari nzima ataongelea choo.

2. Huduma zisemeni mkiwa bado njiani. Mkisimama Chipogoro kunywa chai, hapo hapo, sema: mandhari hamtapata kama yale, maji ya kisima yana chumvi ya kuogea na kuoshea vyombo tu, shawa ziko mbili na ya moto ni moja, choo cha kukaa kiko mbele lakini cha shimo cha nyuma ndo kisafi zaidi, umeme ni wa sola na saa nne usiku unazimwa. Watacheka, watauliza inakuwaje kambi iko pua na mdomo na mitambo ya megawati 80 halafu taa zinawaka kwa sola, cheka nao, usianze kujitetea kama wewe ndo umeficha waya. Mwaka juzi kuna mwenzenu aliwaambia wageni "kila kitu kipo". Kila kitu. Mama mmoja akaamini, saa tatu usiku akatoa mashine ya kukaushia nywele akachomeka kwenye soketi ya bafuni. Kambi nzima tii. Friji la soda, chaji za simu, na sisi huku tulikuwa kwenye Simba na Yanga, dakika ya themanini na kitu. Tulimtafuta yule dogo na tochi.

Halafu birika la umeme ni hivyo hivyo, ni la nyumbani lile, pale chemsheni kwa gesi.

3. Gari likae sawa. Friji la gesi likiinama halipoozi, utashangaa nyama imeanza kunuka na gesi inaisha. Weka glasi ya maji juu ya meza ya ndani, angalia maji yamelalia upande gani, panga ubao chini ya tairi, umemaliza. Hii ni dakika tano na kila msimu kuna mtu anailipia kilo nne za nyama.

4. Vifuniko. Hapa kaeni chini.

Mwaka 2016, mwezi wa nane. Nilikuwa na msimu mmoja tu ila kiburi cha misimu kumi. Wageni wawili, mzee na mke wake, Wajerumani, wakulima waliostaafu, watu wapole kweli, mama alikuwa amejifunza "asante sana" na "pole pole" na anavitumia kila mahali hata pasipohusika. Gari ni Land Cruiser ya injini ya dizeli ya 1HZ, yenye kinyumba mgongoni. Aliyeiunga ile bodi sijui alikuwa anawaza nini, tundu la maji na tundu la dizeli kayaweka upande mmoja, hatua mbili kutoka hili mpaka lile, vifuniko vyote vyeusi na ufunguo mmoja unafungua vyote. Mchana huwezi kukosea. Jioni sasa, gari lote limekuwa rangi moja ya vumbi, umechoka, na mama watoto yuko hewani anauliza ada ya shule kwa sauti ile mnayoijua wenye watoto.

Nikachomeka mpira nikageuka kuangalia bwawa, ndiyo, na mimi huwa naliangalia. Simu ilipoisha nikasikia tundu linagugumia, kisha ikanijia harufu. Nikachomoa mpira haraka, nikamulika, mdomoni mwa tundu kuna povu la rangi ya chai ya maziwa. Nilisimama pale kama mti. Mbele yangu maji ya mito ya Ruaha Mkuu na Kizigo yamekusanyika yote yanasubiri zamu ya kwenda kwenye mitambo ya Kidatu, lita zisizohesabika na zote ziko mahali pake, zangu mimi ndoo mbili ndo nimezipeleka kwenye tenki la mafuta.

Sasa sikilizeni vizuri, maana mpaka hapo sijaharibu kitu. Maji ni mazito kuliko dizeli, yanashuka chini yanatulia. Unafungua nati ya chini ya tenki, unakinga kwenye madumu, unatoa yote, unabadilisha filta, unaweka dizeli safi. Kazi ya saa mbili na tochi. Ningeenda kwa mzee nikasema nimekosea, nikampigia bosi akanitukana, kesho yake saa nne tuko barabarani tunaelekea hifadhi ya Ruaha na leo hii nisingekuwa na cha kuwaandikia.

Nilifunga kifuniko. Nikakifuta na tambara, yaani nikakifuta vizuri kabisa kama mtu anayefuta alama za vidole. Nikaenda kupika, na nakumbuka nilipika siku ile, wali wa nazi na samaki wa kupaka, mama akasema asante sana pole pole. Usiku nimelala macho wazi najipa moyo, labda yameingia kidogo, labda filta itachuja, labda mpaka asubuhi yatakuwa yamekauka. Maji ndani ya tenki lililofungwa yakauke yaende wapi? Lakini saa nane usiku unaamini chochote.

Saa kumi na moja alfajiri nikasema nijaribu kabla hawajaamka. Likawaka! Kumbe kwenye mipira kulikuwa na dizeli safi ya jana, mimi najua nini, nikashukuru Mungu kwa sauti. Dakika moja, mbili, likaanza kukohoa, moshi mweupe, likazima. Na hata hapo ningeacha ningepona nusu. Nikapiga staata. Nikapiga tena. Nikapiga mpaka betri ikaanza kuvuta kama mgonjwa, na taa ya sedimenta, kile chombo kinachonasa maji kwenye dizeli, iko nyekundu kwenye dashibodi inanitazama na mimi naitazama kama hatujuani. Nilikuja kuambiwa baadaye na fundi pampu kwamba pampu ya 1HZ inalainishwa na dizeli hiyo hiyo inayopita ndani yake, haina oili nyingine, kwa hiyo kila staata niliyopiga nilikuwa nasaga chuma kwa chuma kwa mkono wangu mwenyewe.

Mzee akatoka na kandambili na sweta, maana upepo wa Agosti pale asubuhi unauma. Akauliza kuna nini. Nikasema betri.

Mpaka leo nikikumbuka hilo neno moja shingo inapata moto. Mzee akafungua boneti, akainama kidogo, hakusema kitu. Akaenda jikoni kwangu akachukua chupa tupu ya jamu, akarudi akafungua kale kakoki kadogo chini ya filta akakinga. Kisha akaja kuiweka mezani, kati ya mkate na siagi. Maji chini meupe, dizeli juu, katikati mstari umenyooka kama umepigwa na rula. Akajigonga kifuani akasema "trakta", basi, akavuta kiti. Tukanywa chai tunaitazama ile chupa. Mama hakusema pole pole.

Pampu ilifumuliwa, nozo zote sita zikatolewa. Niliipakata kwenye basi kwenda Dodoma ndani ya mfuko wa salfeti, zaidi ya kilomita mia, jirani yangu alihama siti kwa ile harufu tukiwa hata Fufu hatujafika. Wageni wakatafutiwa gari lingine, siku mbili za Ruaha zikaenda na maji. Bosi hakunifukuza, alinikata mshahara miezi mitano, na hadi leo akiniona na mpira ananiuliza mbele za watu "unajaza maji au unajaza maji?"

Sasa nyie. Kifuniko cha maji kipakwe rangi ya bluu, rangi iko stoo, nimeshasema mara tatu. Kabla ya kuchomeka mpira nusa tundu, pua yako haidanganyiki. Simu mfukoni. Na ukikosea, maana mtu mmoja kati yenu atakosea, usiguse hata swichi, haya magari mapya ukifungua swichi tu pampu ya umeme inaanza kuvuta. Nipigie. Hata saa nane usiku. Nitakutukana kwanza halafu nitakuja na madumu, ila ukiniambia betri nitakuacha huko huko.

Haya, namba nne imekula nafasi yote, zilizobaki nazikimbiza.

5. Viboko. Ile njia ya majani mafupi inayopanda kutoka majini, mnayoiona nzuri kuweka tenti kwa sababu imeshalainishwa, imelainishwa na nani? Usiku wanatoka kula majani na alfajiri wanarudi kwa njia ile ile, na hawapigi honi. Tenti ziwe juu, mgeni akitaka choo usiku atembee na tochi na wewe ukiwa nyuma yake. Na kuogelea hakuna, mamba hajali mgeni amelipa dola ngapi.

6. Miiba ya migunga inatoboa kandambili mpaka mguuni na tairi pia, kagueni unapopaki kwa macho siyo kwa imani, vifaa vya kuziba pancha na pampu ya upepo viwe juu siyo chini ya masanduku. Turubai la pembeni likunjwe kabla ya kulala hata kama kumetulia, upepo wa huku haukuagi. Na wale mtakaobaki mpaka Desemba, mvua za huku zikianza msipaki korongoni kwa sababu pana kivuli na mchanga laini, juu kwako kunaweza kuwa kukavu kabisa na mvua inanyesha huko milimani, maji yanakuja yenyewe.

7. Kaseti ya choo, lile boksi la uchafu linalochomolewa chini ya choo cha gari. Haimwagwi bwawani, sijui kwa nini inabidi niandike hili lakini inabidi. Yale maji watu wanavua samaki humo, na yule perege unayemkaanga jioni ametoka humo humo. Imwagwe kwenye shimo la nyuma, na ile dawa ya bluu wekeni kidogo, mkizidisha inaua wale wadudu wanaokula uchafu, shimo linajaa kabla ya wakati wake halafu lawama kwa mwenye kambi. Kuna dogo aliibeba ile kaseti mlalo kwenye mteremko mbele ya wageni wanaokula. Na yeye anajijua.

Pale ukutani kwa bwawa pia, kwenye askari, waambieni wageni kamera chini kabla hamjafika siyo mkiwa katikati. Salimia vizuri, wengi pale ni wenyeji wa huku, ukimpiga mzee "mbukwa", salamu ya Kigogo, uso unafunguka wenyewe.

Nilikuwa na la nane kuhusu kununua samaki, kwamba msimlipe mama wa barabarani bei ya mgeni kwa sababu tu mgeni yuko pembeni, maana kesho mimi nikienda peke yangu ananiambia bei hiyo hiyo, lakini hili tutaongea ana kwa ana.

Leo zinaingia gari mbili, moja ina watoto wadogo wanaotaka maji ya moto. Saa hizi ni tisa na nusu na mimi nimekaa hapa naangalia donki, lile pipa la kuchemshia maji ya kuoga kwa kuni, moshi sioni, kuni zimepangwa vizuri sana pembeni kama za maonesho. Nani yuko zamu?