Maswali ya Wasomaji: Kriketi ya Usiku wa Manane

Nafuatilia kwa simu mechi za Test (kriketi ndefu ya hadi siku tano) za Australia za Desemba na Januari. Ya Melbourne niliamka nikakuta imebaki saa moja siku ya mchezo iishe. Ya Perth niliamka mapema mno, nikakaa karibu saa tatu nikisubiri. Halafu bando linayeyuka. Nakosea wapi? — Msomaji, Majengo, Moshi

Melbourne ulikosea kwenye alamu. Mchezo huko kwa kawaida huanza saa nne na nusu asubuhi yao, ambayo kwetu ni saa nane na nusu usiku. Ukiandika 8:30 kwenye simu, itakuamsha saa mbili na nusu asubuhi. Simu haijui saa nane ya Kiswahili, andika 02:30.

Perth ni kosa jingine: umeichukulia Australia yote kuwa na saa moja. Desemba, Melbourne na Sydney zimetutangulia kwa saa 8, Brisbane 7, Perth 5 tu. Mchezo wa Perth ukianza 10:20 ya kwao, weka 05:20. Brisbane na Perth hazisogezi saa zao wakati wa kiangazi chao, Melbourne na Sydney husogeza. Kwa hiyo tafuta mji, usitafute nchi. Na mechi ya Desemba 26 alamu yake iwekwe kabla hujalala siku ya Krismasi, maana huanza usiku wa kuamkia tarehe 26. Hapo ndipo wengi hupigwa chenga.

Si lazima ukeshe. Siku ya Test ina ova 90 (ova moja ni mipira sita) katika vipindi vitatu. Kwa saa zetu za Kiswahili, Melbourne hucheza 8:30 hadi 10:30 usiku, kisha 11:10 alfajiri hadi 1:10 asubuhi, na cha mwisho 1:30 hadi 3:30. Ova zikichelewa huongezwa nusu saa. Mwenye kazi asubuhi tungemshauri alale, aamkie kipindi cha pili. Ila timu ikiwa imepiga tangu asubuhi, kipindi cha mwisho kina utamu wake: baada ya ova 80 warushaji wanaruhusiwa kuchukua mpira mpya, na mpira mpya unaruka na kupinda kuliko uliochakaa.

Bando: matangazo ya sauti ya kilobiti 64 kwa sekunde hula takriban MB 29 kwa saa. Video ya megabiti 1, ambayo si ya kung'aa, hula MB 450. Kwa saa sita za mchezo ni MB 173 dhidi ya GB 2.7. Maandishi ya mpira kwa mpira ni nafuu zaidi, mradi uzime video zinazojiwasha zenyewe. Ukitazama video, zima pia taarifa za wiketi (mpigaji kutolewa), kwa sababu video huchelewa na simu itakuambia mtu katoka wakati kwenye kioo bado anajiweka sawa.

Usingizi ukikushinda kabisa, hamia Afrika Kusini: saa nne asubuhi yao ni saa tano yetu.

Mtangazaji wa Australia anasema 3 kwa 187, simu yangu inaandika 187/3. Nani sahihi? — Njiro, Arusha

Wote. Waaustralia hutanguliza wiketi, wengine hutanguliza mikimbio, yaani pointi. Namba ndogo kwa kawaida ndiyo wiketi, haizidi 10.

Mvua ikikatiza mechi ya ova 50, kwa nini timu ya pili hupewa shabaha (mikimbio ya kufikia) isiyoendana na hesabu ya kawaida? — Sakina, Arusha

Kwa sababu hesabu ya kawaida ingeipendelea. Tuseme ya kwanza imepata mikimbio 250 kwa ova 50, yaani 5 kila ova, kisha mvua inaiachia ya pili ova 30 kabla haijaanza kupiga. Ungesema 150 inatosha kulingana. Lakini timu hiyo bado ina wiketi zote 10 za kutumia kwenye ova 30 tu, hivyo inaweza kupiga kwa fujo bila kuogopa kuishiwa wapigaji. Kanuni ya Duckworth-Lewis-Stern hupima ova na wiketi zilizobaki kwa pamoja, ndiyo maana shabaha hupanda juu ya 150. Kwa kawaida matokeo huhesabika iwapo timu ya pili imepata walau ova 20. Kwa T20, mechi za ova 20, kwa kawaida ni ova 5. Kwenye Test kanuni hii haitumiki: muda ukiliwa na mvua, sare inanukia.